Bangili ya Nailoni

Wewe ulikuwepo. Usitafute pa kujificha. Usiniambie ulikuwa umesimama nyuma, jua lilikuwa usoni, ulikuwa unamnunulia mtoto puto. Ulikuwepo, ulipiga makofi, na kelele zilipogeuka ukatazama viatu vyako. Mwaka wa mwokaji ulitazama viatu. Mwaka wa tarishi, viatu. Mwaka wa fundi bomba, viatu tena. Unavijua viatu vyako kuliko unavyowajua majirani zako. Basi leo inua uso, usikie habari ya mshonaji na mdogo wake, maana umeisikia nusunusu kwenye foleni ya mkate, na nusu uliyoisikia ndiyo ya uongo.

Mshonaji ana chumba kimoja kwenye kona ya uwanja wa mpira, dirisha likitazama goli. Mna cherehani mbili humo: moja inashona, nyingine inanyofolewa vipuri ili ya kwanza iendelee kushona. Mna meza ya kukatia iliyochanjwachanjwa na mkasi, mna kioo kilichopasuka pembeni, na kando ya kioo umepigwa msumari mrefu wa kupaulia. Msumari huo hubeba karatasi za vipimo: mkono wa shati, kola, mfuko wa koti la mtu mnene. Nyuma kabisa, mahali ambapo macho ya mteja hayafiki, zilining'inia karatasi tatu zenye umbo la kiganja. Ya kwanza ina vidole vitatu. Ya pili ina vinne, lakini kimoja ni kisiki tu. Ya tatu ina gumba na vidole viwili.

Hivyo ni vipimo vya glovu za wanaume watatu wa mji huu. Kila mwaka baridi inapokaribia wanamwendea, mmoja mmoja, wakichungulia kwanza kama hakuna mtu ndani.

Ni hivi. Zamani Sikukuu ya Mji tulivuta kamba ya katani. Ilikuwa kamba ya kawaida, yenye manyoya, ilikuwasha viganja hadi keshokutwa. Ikizidiwa ilikatika, na wanaume kumi na sita wakaanguka kwa matako, Mtaa wa Juu huku na Mtaa wa Chini kule, na mji mzima ukacheka mpaka machozi. Kisha, miaka kumi na moja iliyopita, Mwenyekiti wa kamati ya sikukuu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akatoa zawadi. Kamba mpya ya nailoni, ya buluu, nene kama kifundo cha mkono, inang'aa. Haikatiki, alisema. Na kweli haijakatika. Lakini inateleza kama kambale. Mwanaume wa mwisho kwenye mstari, yule tunayemwita nanga, akigundua inamponyoka, huizungusha mara tatu kwenye kiganja ili isimtoke. Watu wakalipa jambo hilo jina zuri: kuvaa bangili. Anayevaa bangili ni dume. Asiyevaa ana mkono wa siagi. Na nailoni, ukiivaa, haikuachii mpaka upande ule mwingine uamue kukuachia.

Mwokaji ndiye wa kwanza. Wiki mbili kabla ya sikukuu ya mwaka huu aliingia kwa mshonaji na glovu yake ya zamani mfukoni, imechakaa kwenye mshono.

"Nishonee nyingine, mama. Nene kidogo. Joko likipoa vidole ambavyo sina vinaniuma."

"Vinaumaje na havipo?"

"Waulize wenyewe." Akaweka kiganja mezani. "Enzi zile Mwenyekiti alituhutubia, kidole kimoja hakivunji chawa, shikamaneni vijana. Mimi nimebaki na vitatu, na chawa bado wananicheka."

Mshonaji alicheka, kisha akakoma ghafla, maana alikumbuka jambo alilolisikia juzi. "Umesikia nani nanga mwaka huu?"

Mwokaji alivuta glovu yake polepole, kisiki kwa kisiki. "Nimesikia," akasema. "Mdogo wako."

Mdogo wake ni kinyozi. Mama yao alifariki huyu akiwa hajajua kufunga kamba za viatu, na dada ndiye aliyemkuza, chini ya meza ile ile ya kukatia, kwenye vipande vya vitambaa. Hapo ndipo alipojifunza mkasi. Dada alimpa matambara akate: duara, nyota, mstari ulionyooka kama uzi wa timazi. Alipofika umri wa kutafuta kazi, mkasi ulikuwa umeshauzoea mkono wake wa kulia kama paka alivyozoea mafiga. Sasa ana kibanda chake chenye kiti kinachozunguka, kioo kizima, na foleni ya watu wazima wanaosubiri yeye tu, kwa sababu hukata nywele kwa mkasi na kitana, si kwa mashine. "Mashine inanyoa," hupenda kusema. "Mkono ndio unaokata."

Kwenye kibanda hicho ndipo wanaume wa mtaa wake, Mtaa wa Chini, walipomteka kwa maneno. Mtaa wa Chini umepigwa miaka saba mfululizo, na mwanaume akikaa kwenye kiti chake, shingo imefungwa shuka, huwa hana la kufanya ila kuchokoza. "Kinyozi, una mabega ya bure hayo. Unayafugia nini?" "Tangu fundi bomba apate ajali hatuna nanga." Apate ajali! Kama vile ajali ilipita njiani ikamsalimia.

Dada yake alimwita chumbani. Hakumkemea. Alimwambia, "Leta mkono," akautandaza juu ya karatasi, akauzungushia kalamu, kidole baada ya kidole, taratibu, kama anavyopima vazi la bi harusi.

"Dada, unanichuria!" Kinyozi akacheka, akajaribu kuuvuta.

"Tulia. Hiki ni kipimo cha vidole vitano. Nitakitundika hapo na hao wenzake, na nataka kikae hivyo hivyo hadi nife. Umenielewa?"

Aliziona zile karatasi tatu. Kicheko kikamshuka. "Sitavaa bangili," akasema.

"Niangalie."

"Sitavaa, dada. Nitavuta kwa miguu. Ikinitoka, imenitoka."

Huo ulikuwa ndio mkataba wao. Lakini mshonaji anajua kitambaa, anajua mshono wa uzi mmoja haubebi koti. Akaenda dukani kwa Mwenyekiti. Alimkuta kati ya mabati na makopo ya rangi, watu watatu wakisubiri misumari.

"Karibu, mama! Umeniletea suti yangu ya ufunguzi?"

"Suti iko karibu kwisha, Mwenyekiti. Nimekuja kwa habari ya kamba."

"Kamba ina nini? Haijawahi kukatika."

"Ndiyo shida yake hiyo. Turudishe katani. Au mwamuzi akataze kuvaa bangili, apulize kipenga mtu akizungusha. Watatu wameshakatika vidole."

Mwenyekiti akawageukia wale wenye misumari, maana mtu wa namna yake hajibu swali bila mashahidi. "Mwaka juzi mtu alianguka kwenye mbio za magunia akang'oka jino. Tupige marufuku magunia? Kesho tutapiga marufuku meno!" Wakacheka. Mmoja wao alikuwa wewe, au ndugu yako. "Mama, ajali haina kinga. Lakini usijali, sisi tunasikiliza wananchi. Andika barua kwa kamati."

Akaandika. Kurasa mbili za daftari, mwandiko wa mtu aliyeishia darasa la saba lakini hajasahau hata herufi moja. Aliandika nani, mwaka gani, vidole vipi. Barua ikapigwa muhuri, akapewa nakala. Muhuri mzuri, wa zambarau. Na ile suti? Alifikiria kuizuia. Alikaa nayo mapajani siku nzima, mkasi mkononi, akisema kimoyomoyo, nikiwanyima suti watanisikia. Kisha akakumbuka kwamba kodi ya chumba humlipa Mwenyekiti huyo huyo, akapiga pasi. Hapo usimlaumu peke yake. Kila mmoja wetu ana suti aliyoipiga pasi.

Siku ya sikukuu ilifunguka safi, mawingu yamekaa mbali kama wageni waliosahau mwaliko. Wale wa klabu ya baiskeli walikuja na magurudumu yaliyofungwa riboni. Mzee wa stempu aliweka meza yake na kioo cha kukuzia, na kama kila mwaka hakuna aliyeangalia ila wajukuu zake. Akina mama wa kufuma walitundika mashuka yao kwenye waya, kwaya ikaimba, Mwenyekiti akahutubia ndani ya suti isiyo na kasoro hata moja. Mshonaji alisimama kwenye utepe wa pembeni, mkasi wake umening'inia shingoni kwa kamba kama siku zote, maana hata sikukuuni mtu hukosa kifungo.

Kamba ikatolewa ghalani chini ya jukwaa. Ikalazwa nyasini, buluu, kitambaa chekundu kimefungwa katikati. Wanane huku, wanane kule, kinyozi wa mwisho. Mwalimu wa shule ndiye mwamuzi, kipenga mdomoni, macho kwenye kitambaa.

Mvuto wa kwanza, Mtaa wa Juu. Mvuto wa pili, amini usiamini, Mtaa wa Chini! Kinyozi alichimba visigino mpaka udongo ukainuka, mikono yote miwili wazi, hakuna bangili, na dada yake aliruka juu kama mtoto. Imewezekana, unaona? Imewezekana bila bangili. Liweke hilo kichwani, tutalihitaji.

Mvuto wa tatu ndio wa kuamua. Kamba ilisimama hewani kimya, wanaume kumi na sita wakitetemeka kama mtu mmoja. Halafu nyasi zikawa zimesagika, umande umepanda mikononi, na kitambaa chekundu kikaanza kutambaa kwenda Juu. Shibiri moja. Shibiri mbili. Ukapaza sauti, wewe na wote: "Bangili! Bangili! Bangili!"

Kinyozi akainua macho akamtafuta dada yake. Akampata. Ilikuwa kazi ndogo tu aliyotakiwa kuifanya yule mwanamke: kutikisa kichwa. Hapana, mdogo wangu, iache iende. Alikuwa amejiandaa kwa hilo wiki mbili.

Lakini nyuma yake wanawake wa Mtaa wa Juu walikuwa wakipiga vigelegele. Mmoja akasema, "Kinyozi nywele ndizo saizi yake, hii ni kamba!" na wengine wakaangua kicheko, na miaka saba ya kicheko hicho ikampanda mshonaji kutoka kisiginoni hadi utosini. Mdomo wake ukafunguka. Akapiga kelele, "Usiachie! Mdogo wangu, usiachie!"

Yeye. Mwenye karatasi tatu ukutani. Ndiyo maana nakuambia habari hii, si kwa kuwa yeye ni malaika.

Kinyozi akasikia. Akazungusha mkono wa kulia mara moja, mara mbili, mara tatu.

Kitambaa kikasimama. Uwanja ukalipuka. Kisha Mtaa wa Juu wakavuta kwa pamoja, na kinyozi akapiga ukelele, na umati ukapiga ukelele naye, kwa kuwa ulidhani anaunguruma. Hesabu taratibu kuanzia moja hadi kumi na mbili. Hesabu kweli, usiruke. Ndio muda uliochukua. Wenzake wa mbele hawakuona, wamempa mgongo. Mwamuzi hakuona, macho yake yako kwenye kitambaa, na kitambaa hakijavuka mstari, na kanuni ni kanuni. Mshonaji ndiye aliyeona. Alipita chini ya utepe, mkasi umeshatoka shingoni, na mtu mwenye beji akamdaka kiunoni.

"Mama, mama! Watazamaji hawaruhusiwi ndani!"

"Niache nikate! Anakatika!"

"Utaharibu mchezo, mama."

Alimng'ata mkono ndipo akaachiwa. Alipofika, kipenga kilikuwa kimeshalia, maana mtu wa saba alikuwa amegeuka na kuona damu nyasini. Kamba imelegea, imelala, buluu, imetulia kama haijafanya kitu. Mkasi ulifika na kazi ya mkasi ilikuwa imekwisha.

Gumba na kidole cha shahada. Mkono wa kulia.

Alipokuwa akibebwa, kinyozi hakulia. Alimwangalia dada yake akasema kwa sauti ndogo, ya mtu anayeomba radhi kwa kuvunja kikombe, "Sikuachia, dada." Hadi leo hajamlaumu. Angemlaumu ingekuwa nafuu.

Jioni ile ile, kabla jua halijatua, watu wa kamati waliiosha kamba kwa sabuni na kuianika juu ya mwamba wa goli. Goli lile lile linalotazamana na dirisha la mshonaji. Alikaa kwenye cherehani akaitazama ikidondosha maji, tone, tone, na kwaya ilikuwa bado inaimba.

Wiki ya pili kinyozi alirudi kibandani. Mteja wake wa zamani, fundi viatu, akakaa kwenye kiti kwa makusudi, akasema, "Mimi sina haraka, ndugu yangu, jaribu tu." Akajaribu kwa mkono wa kushoto. Mkasi ulikwenda kombo, ukalia hewani, ukakata palipotakiwa kuachwa. Alijaribu kuushika kwa vidole vitatu vya kulia vilivyofungwa bandeji, ukaanguka. Fundi viatu aliuokota. Ukaanguka tena. Akauokota tena. Mara ya nne kinyozi akafungua shuka shingoni mwa mteja, akalikung'uta vizuri, akalikunja pembe nne, akasema, "Kaka, nenda kwa wenye mashine."

Jumatatu hii iliyopita kamati ilikutana kwenye ukumbi wa mji. Ulikuwepo pia hapo, kiti cha tatu kutoka mlangoni. Mshonaji alikaa mbele na nakala ya barua yake. Walizungumzia maputo. Walizungumzia vyoo vya kukodi. Walimshukuru Mwenyekiti. Ilipofika "mengineyo" akasimama.

"Barua yangu ilisemaje?"

Katibu akafungua faili. "Barua ilipokelewa na kuhifadhiwa."

"Imehifadhiwa. Na mkono wa mdogo wangu, nao mmeuhifadhi wapi?"

"Mama, tunakupa pole sote," Mwenyekiti akasema, na mkono kifuani, ndani ya suti yake. "Ajali haina kinga."

"Ajali haina kinga," mshonaji akajibu, "lakini kamba ina mwenyewe."

Kikohozi kimoja. Wewe ulitazama nini? Haya. Kisha Mwenyekiti akaangalia saa, akasema muda umetutupa mkono, ila kuna tangazo moja: kwa kuwa kipenga kililia kabla kitambaa hakijavuka mstari, mvuto wa tatu haukukamilika. Utarudiwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Kikombe hakiwezi kukaa bila mwenyewe. Nanga mpya wa Mtaa wa Chini amepatikana. Watu wakapiga makofi.

Nanga mpya ni mtoto wa kiume wa mwokaji. Mtu mzima, ana mke, ndiye anayekanda unga siku hizi kwa kuwa baba yake hawezi.

Mwokaji alikuja kwa mshonaji Jumanne. Hakuchungulia kwanza. Alisimama tu mlangoni na glovu yake mpya.

"Umemwambia?" mshonaji akauliza.

"Nimemwonyesha mkono wenyewe. Anasema, baba, sitavaa bangili. Ameniahidi."

Wakatazamana. Walikwenda pamoja kwa mwamuzi, akasema yeye hupuliza tu. Walikwenda kituo cha polisi, wakaambiwa mchezo si kosa. Walikwenda kwa Mtaa wa Juu waombe wasivute, wakachekwa: mnaogopa kushindwa? Miguu ikachoka kabla ya milango kwisha.

Walipoachana, mshonaji alirudi chumbani. Akachomoa msumarini ile karatasi ya vidole vitano, akailaza mezani. Kisha akachukua mkasi, akakata gumba, akakata cha shahada, akairudisha nyuma ya hizo tatu. Vile vipande viwili hakuvitupa. Amevitia kwenye kopo la vifungo.

Leo ni Alhamisi. Kamba iko ghalani chini ya jukwaa, imekunjwa, imelala, haijakazwa na mkono wa mtu yeyote. Ufunguo unaning'inia dukani kwa Mwenyekiti, nyuma ya kaunta, kwenye ndoano ya tatu, kando ya makufuli, na mji mzima unaijua ndoano hiyo. Mshonaji hawezi kuufikia. Akiingia dukani sasa wanamfuata nyuma. Mwokaji hawezi, kinyozi hawezi, wameshawekewa macho. Wewe hujawekewa. Wewe ni mtu mwema, mtulivu, mteja wa misumari, hakuna anayekutilia shaka, kwa sababu hujawahi kufanya kitu.

Jumamosi utapiga kelele kama wote. Hata mshonaji alipiga. Usijidanganye kwamba ukifika pale utatikisa kichwa. Kwa hiyo usingoje kufika pale.

Acha kutazama viatu, vivae. Chukua msumeno wako wa chuma nyumbani, upitie dukani, uombe nusu kilo ya misumari, na akigeuka kuipima, nyosha mkono. Nenda ghalani. Ikate ile kamba vipande vifupi visivyofaa hata kumfungia mbuzi, uvitupe uwanjani kila mtu avione. Nenda sasa hivi, kabla duka halijafungwa.